Chungu cha Huadi: Mhadhara juu ya Kulima Agapanthasi Penye Joto

  

Niliombwa nizungumze hapa Tanga juu ya agapanthasi, lile ua la buluu, wakati mwingine jeupe, linalosimama juu ya kikonyo kirefu kama mwenge, ambalo wengi wetu tumeliona Arusha au Nairobi tukatamani kuwa nalo nyumbani. Swali niliandikiwa hivi: je, linaweza kukaa pwani? Nitalijibu. Lakini ninaomba ruhusa yenu nianzie mbali, Guangzhou huko China, kwenye mtaa wa Shisanhang. Najua humu ukumbini wamo watu wanaoujua mtaa huo kuliko mimi. Wameingia alfajiri kwenye yale maghorofa ya nguo za jumla, wamebishana bei kwa kikokotoo, wamefunga mabelo, na mizigo yao imefika Kariakoo na hapa Barabara ya Tisa. Leo nawaomba watazame mtaa uleule kwa jicho la mkulima.

Kusudi la mhadhara huu ni kuonyesha jambo moja: kwamba mmea unaopenda ubaridi unaweza kupamba mji wa joto na ukamlisha mtu, kwa sharti uishi kwenye chungu na chungu hicho kihame kwa majira. Jambo hilo lilikuwa likifanywa ng'ambo ya mto kutoka Shisanhang kabla babu zetu hawajazaliwa.

1. Shisanhang na bustani za ng'ambo

Mwaka 1757 mfalme Qianlong aliamuru kwamba biashara ya baharini ya Wazungu ifanyike Guangzhou peke yake. Kwa miaka 85 iliyofuata, mpaka Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, chai, hariri na kauri zote zilizopakiwa na meli za Uingereza, Uholanzi, Denmark, Sweden na baadaye Marekani zilipitia ukingo mfupi wa Mto Lulu, nje ya kuta za mji. Pale, ndipo Shisanhang penyewe, palijengwa safu ya nyumba za biashara, chini ghala, juu makazi. Wageni walipanga nyumba hizo kwa wafanyabiashara wa Kichina waliopewa leseni na serikali. Matajiri hao walijulikana dunia nzima. Wu Bingjian, ambaye Wazungu walimwita Howqua, alihesabiwa miongoni mwa watu wenye mali nyingi kabisa katika zama zake.

Wageni walikaa kwa masharti makali. Hawakuruhusiwa kuingia mjini, wake zao hawakuruhusiwa kuja, na msimu wa biashara ukiisha walitakiwa kuondoka kwenda Macao. Ruhusa waliyokuwa nayo ya kunyoosha miguu ni hii: mwanzoni mwa karne ya 19, katika tarehe 8, 18 na 28 za mwezi wa Kichina, waliweza kuvuka mto kwa makundi yasiyozidi watu kumi, wakiwa na mkalimani, kwenda kutembelea hekalu la Honam na bustani za maua za Huadi. Fikirini hilo, ndugu zangu. Kati ya mambo yote ya nchi kubwa ile, mgeni aliruhusiwa kuona hekalu moja na kitalu cha maua.

Huadi ilikuwa maili mbili au tatu kupanda mto, upande wa pili. Mskoti Robert Fortune, aliyetumwa na Chama cha Kilimo cha Bustani cha London mwaka 1843, alizikuta bustani zipatazo kumi na mbili. Hazikuwa kubwa. Nyumba ya mwenye bustani ilikuwa mlangoni, na kuanzia hapo njia nyembamba zilizosakafiwa kwa mawe zilikwenda mpaka mwisho wa kiwanja. Kandokando ya njia hizo, mmea karibu kila mmoja ulikuwa kwenye chungu kikubwa cha udongo: azalia, kamelia, waridi, krisanthemamu, michungwa midogo ya mapambo. Mnunuzi alitembea, akaonyesha kwa kidole, na chungu kikabebwa mpaka kwenye mashua.

Kwa nini vyungu, na nchi ya kule ina rutuba? Guangzhou hupata mvua ya milimita 1,700 na zaidi kwa mwaka, sehemu kubwa kati ya Aprili na Septemba, na jua la Julai kule halitofautiani na jua la hapa Februari. Ardhi yenyewe ni tambarare ya mto, tope lililojengwa na mafuriko, na maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Ukiupanda mmea wa mlimani ardhini, joto linaweza lisiuue, lakini maji yaliyosimama kwenye mizizi yatauua. Chungu kinauinua mmea juu ya maji hayo. Kinampa mkulima uamuzi wa udongo gani utumike, mvua kiasi gani ipokelewe, na jua la saa ngapi liupige mmea.

Lakini funzo kubwa la Huadi, lile lililonifanya nianzie huko, linahusu pioni za mti. Huo ni mmea wa kaskazini ya China. Unataka baridi kali ili utunge maua, na Guangzhou haina baridi hiyo. Mtu mwingine angesema basi, hauwezekani. Wenye bustani walifanya hivi: kila mwaka, yapata Januari, miti ile ililetwa kutoka majimbo ya kaskazini ikiwa haina majani, imeshapata baridi yake kulekule, na macho ya maua yameshatungwa. Ilitiwa kwenye vyungu, joto la kusini likaiamsha, na haikuchukua muda ikachanua. Watu waliigombania ili kupamba nyumba zao. Bei ilipangwa kwa idadi ya vichomozo vya maua. Ikimaliza kuchanua ilitupwa, kwa sababu ilijulikana kwamba kule kusini haitachanua tena.

Walitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: mahali ambapo ua hutungwa na mahali ambapo ua huonekana. Hayo yaliyobaki katika mhadhara wangu yanatokana na hilo. Mimi ningebadilisha kitu kimoja tu, kule kutupa. Nitakieleza mbele.

2. Mizizi kwanza, safari baadaye

Sasa nieleze upande wa hasara, maana Shisanhang inafundisha pia kwa hasara zake.

Wazungu waliipenda mimea ya Huadi wakataka kuipeleka kwao. Safari ilikuwa ya miezi mitano au sita. Meli ilishuka mpaka mlango wa Sunda, ikavuka Bahari ya Hindi, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kisha ikapanda Atlantiki, yaani ilivuka ikweta mara mbili. Mimea ilikaa sitahani ikipigwa na chumvi, na maji matamu yalipopungua mabaharia walikunywa wao kwanza. Mwaka 1819 daktari John Livingstone, aliyekuwa akifanya kazi Macao, alikiandikia chama kile cha London hesabu ya kutisha: kwa kila mmea mmoja uliofika Uingereza hai, elfu moja ilikuwa imepotea. Akatoa na gharama. Mmea mmoja, pamoja na kufungashwa, ulinunuliwa Guangzhou kwa shilingi sita na peni nane za Kiingereza. Zidisha kwa elfu: kila mmea uliookoka ulikuwa umegharimu zaidi ya pauni 300.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyefanya vizuri zaidi ya wengine. John Reeves alikuwa mkaguzi wa chai wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, na aliishi kati ya Guangzhou na Macao kuanzia mwaka 1812 mpaka 1831. Siku zake za kazi zilikuwa za kuonja na kunusa majani ya chai, na saa zake za mapumziko alizitoa kwa maua. Alijua kwamba mmea uliotiwa chunguni jana hauwezi safari. Aliitunza mimea katika bustani yake ya Macao mpaka ikashika mizizi sawasawa kwenye vyungu, ndipo akaikabidhi kwa manahodha aliowaamini. Mmea wa wisteria uliofika Uingereza mwaka 1816 na kuzaa mingi ya Ulaya ulitoka Guangzhou kwa juhudi za watu wa namna yake. Baadaye, daktari mwingine wa London, Nathaniel Ward, aligundua mwaka 1829 kwamba mmea ukifungiwa ndani ya sanduku la vioo hujinywesha kwa mvuke wake wenyewe. Masanduku hayo yalipunguza vifo sana, na Fortune aliyatumia. Hata hivyo sanduku halikubatilisha kanuni ya Reeves. Mmea usio na mizizi iliyoshika hufa hata ndani ya kioo.

Hapa niseme na wenzangu wa vitalu, kwa upendo. Tunang'oa miche mlimani, tunaitikisa udongo ili mzigo uwe mwepesi, tunaifunga gunia, tunaipakia juu ya basi, na ikifika tunaichomeka kwenye makopo siku hiyohiyo na kuipanga barabarani. Mteja anakwenda nayo nyumbani kwa furaha. Baada ya wiki mbili majani yananyong'onyea, naye anasema mkono wake hauna baraka ya maua. Mkono wake ni mzima. Tumemuuzia mmea ambao haujashika. Ninasihi kwamba tusiuze mche wowote kabla mizizi yake haijaonekana kwenye tundu la chini la chungu. Kwa agapanthasi hilo ni suala la miezi, na gharama ya miezi hiyo iingie kwenye bei. Mteja aliyefanikiwa hurudi.

3. Agapanthasi ni nani

Safari zile za Shisanhang zilipita Rasi, na Rasi ndiyo mlango ambao agapanthasi ilitokea kwenda duniani. Ni mmea wa kwetu, wa kusini mwa Afrika: Afrika Kusini, Lesotho, Eswatini, Msumbiji. Ulifikishwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 17, nao ukalelewa kwenye vyungu na mapipa ya mbao yaliyoingizwa ndani kila majira ya baridi. Ona basi: Wazungu walihamisha chungu kuikimbia baridi, na sisi tutakihamisha kuifuata.

Jamii zake ni chache, na kwa mkulima zinagawanyika mafungu mawili. Fungu moja hupukutisha majani yote wakati wa baridi, likalala kabisa. Hilo tuliache, kwa kuwa halitapata usingizi wake hapa kwetu. Fungu la pili halipukutishi majani, na humo mna jamii mbili. Moja ni africanus, mmea wa milima ya Rasi ya Magharibi ambako mvua hunyesha majira ya baridi. Ni mgumu kulea hata kwao. Nyingine ni praecox, ya Rasi ya Mashariki na KwaZulu-Natal, ambako mvua hunyesha wakati wa joto. Huyu ndiye wetu. Anajua kunyeshewa huku jua likiwaka, anavumilia upepo wa bahari, na majani yake hubaki kijani mwaka mzima. Mara nyingi mmea unaouzwa kwa jina la africanus ni praecox, kwa hiyo msitishwe na kibandiko. Kwa vyungu vidogo kuna aina fupi ziitwazo vibeti, kama ile ya Peter Pan, ambayo haihitaji nafasi kubwa.

4. Pwani, mlima, na chungu kati yake

Sasa jibu la swali mlilonipa. Je, agapanthasi inaweza kukaa pwani? Inaweza kuishi. Kuchanua vizuri ni jambo jingine. Katika joto lisilopungua usiku wala mchana, mmea huu hutoa majani mengi ya kupendeza na maua machache, pengine usitoe kabisa. Unahitaji kipindi cha usiku wa ubaridi ndipo utunge ua. Tanga haina ubaridi huo. Lushoto, kwenye mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, inao. Kila aliyelala Lushoto mwezi Julai anajua habari ya mablanketi mawili.

Na hapo ndipo mkoa wetu una bahati ambayo Guangzhou haikuwa nayo. Pioni za Huadi zilitoka majimbo ya mbali, na kuzirudisha kusingelipa, ndiyo maana zilitupwa. Sisi mlima wetu uko safari ya saa chache. Unapita Muheza, Korogwe, Mombo, unapanda, umefika. Kwa hiyo chungu kinaweza kushuka kikiwa na vichomozo, kikapamba sebule, hoteli au ukumbi wa harusi hapa mjini, kisha kikapanda tena kupumzika. Tusitupe. Tukodishe, au tuuze kwa makubaliano ya kurudishiwa mmea baada ya maua kwa punguzo la bei. Mtu wa mjini anapata ua kila msimu bila kuulea mmea uliogoma, na mkulima wa mlimani anabaki na mama wa miche.

Majira yake ni haya. Huko kwao agapanthasi huchanua kuanzia Desemba mpaka Februari. Karibu na ikweta miezi inaweza kuyumba, kwa hiyo mkulima aweke kumbukumbu ya kitalu chake mwenyewe. Lakini mpango wa jumla ni kwamba kipupwe chote, Juni mpaka Agosti, chungu kiwe mlimani, mahali pa wazi penye jua. Wakati huo maji yapunguzwe bila kukausha kabisa. Mvua za vuli zikianza, mmea unaamka na kulishwa. Kikonyo kikitokeza na kichomozo kikiwa bado kimefunga, ndipo chungu kishuke. Kikishuka kimechanua tayari, maua yatapukutika Mombo.

Naona kuna mama hapo nyuma anaandika, nami nitakwenda polepole kwenye habari za chungu chenyewe.

Chungu kiwe cha udongo wa kufinyangwa kama kipo, kwa sababu kinapumua na hakichemshi mizizi. Ndoo nyeusi ya plastiki ikipigwa na jua la saa nane hapa Tanga, mizizi inaungua. Kama huna budi kutumia plastiki, ipake chokaa au ifiche nyuma ya chungu kingine. Upana wa sentimita 30 unatosha kwa mmea mmoja mkubwa. Usiharakishe kuupa chungu kipana mno. Agapanthasi yenye mizizi iliyobanana kiasi huchanua zaidi kuliko iliyomwagwa kwenye nafasi. Lakini mizizi yake ni minene na ina nguvu, na mwishowe inaweza kupasua chungu. Ukiona chungu kimeanza kuvimba au mmea umejiinua juu ya ukingo, muda wa kugawanya umefika.

Tundu la chini liwe wazi, na chungu kikae juu ya vipande vitatu vya tofali, kisikae sakafuni wala kwenye sahani yenye maji. Nimesema tayari kinachoua mmea wa mlimani penye joto. Masika ya hapa yanaweza kujaza chungu kwa usiku mmoja, na sahani ile iliyowekwa kulinda vigae vya sebule inageuka kaburi la mmea.

Udongo: sehemu mbili za udongo wa juu wa shambani, sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri, na sehemu moja ya mchanga mkubwa au changarawe ndogo. Sisi wa pwani tuna makumbi ya nazi bure. Yakatwekatwe, yalowekwe na kusuuzwa kwa maji matamu mara kadhaa ili chumvi itoke, yachanganywe kidogo kwenye udongo. Yanashika unyevu bila kuzuia hewa. Mmea upandwe shina lake likiwa usawa wa udongo, lisizikwe.

Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Ukiona ukungu mweupe juu ya udongo au kwenye ubavu wa chungu, ujue chumvi inajikusanya. Kinga maji ya mvua, na mara moja moja yamwage mengi kupita chunguni mpaka yatiririke chini, yaisombe. Unyweshaji wa kawaida uwe asubuhi, baada ya kutia kidole na kuona udongo umekauka juu. Jua la asubuhi ni zuri. Kuanzia saa saba mchana, hapa mjini, kivuli cha ukuta au cha mwembe kinausaidia mmea.

Chakula kisiwe kingi cha kukuza majani. Samadi mbichi na mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi zitakupa majani ya kulishia mbuzi. Majivu kidogo ya kuni, yenye potasiamu, yakinyunyizwa kabla ya vuli yanafaa. Konokono hupenda kujificha kati ya majani, kwa hiyo waokotwe usiku kwa tochi. Maua yakinyauka, kata kikonyo kabla mbegu hazijakomaa, isipokuwa unataka mbegu.

Kuongeza miche kuna njia mbili. Mbegu ni nyeusi, nyepesi, huota bila shida zikiwa mpya, lakini utangoja miaka mitatu au zaidi kuona ua, na rangi inaweza isifanane na ya mama. Kugawanya ni bora kwa biashara. Baada ya maua, toa mmea chunguni, ukate kwa kisu kikali au jembe, kila kipande kiwe na chipukizi na mizizi yake, punguza majani nusu, upande. Hufanywa kila baada ya miaka minne hivi. Kipande kilichogawanywa mara nyingi hakichanui mwaka wa kwanza, na mnunuzi aambiwe ukweli huo siku ya kununua.

5. Tahadhari mbili

Sehemu hii ni fupi. Utomvu wa agapanthasi unawasha ngozi na unachoma mdomo, kwa hiyo watoto na mifugo wasiutafune. Na mmea huu unaenea. Huko New Zealand umetoroka bustanini ukawa gugu, umefunika kingo za barabara na majabali. Milima yetu ya Usambara ina mimea isiyopatikana mahali pengine popote. Vikonyo vikatwe kabla ya mbegu, na mabaki yasitupwe korongoni wala ukingoni mwa msitu. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea chungu: kinaufungia mgeni ndani ya uzio wake.

6. Mali iliyotupita na iliyobaki

Sitamaliza bila kutaja ua la hapahapa. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota katika misitu ya Usambara mmea mdogo wa maua ya zambarau akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la kisayansi linalobeba jina la familia hiyo. Leo urujuani huo wa Usambara uko madirishani kote Ulaya na Marekani, kwenye vyungu, na umetajirisha vitalu vya huko kwa zaidi ya karne. Porini kwetu sehemu nyingi zake za asili zimebanwa na mashamba na ukataji wa miti. Nitembee mjini Tanga leo nikiutafuta kwenye chungu kimoja cha kununua, sina hakika nitaupata upesi.

Agapanthasi nayo ni ya bara hili, na imewatajirisha wengine. Wakulima wa Huadi hawakuwa na chuo wala mashine. Walikuwa na vyungu, mashua, na maelewano ya kudumu na watu wa nchi ya baridi waliowaletea mimea kila Januari. Nyumba za Shisanhang ziliungua mwaka 1856 hazikujengwa tena, lakini upande ule wa mto, wilaya ya Liwan, umeendelea kuuza maua mpaka enzi zetu, na kila Mwaka Mpya wa Kichina watu wa Guangzhou hujaa kwenye masoko ya maua na kurudi nyumbani wamekumbatia vyungu vya michungwa midogo. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda kule wakipata nusu siku, nawasihi waende kuona jinsi chungu kinavyopangwa, kinavyofungwa na kinavyosafirishwa. Maarifa hayo hayalipiwi ushuru bandarini.

Kwa hapa kwetu naomba mambo matatu yaanze bila kungoja mfadhili. Vitalu vya Lushoto na vya Tanga vipatane juu ya vyungu vya kupanda na kushuka, hata kama ni vichache mwanzoni, na kila chungu kiandikwe tarehe kilipohama na tarehe kilipochanua, ili baada ya misimu kadhaa tuwe na kalenda yetu wenyewe. Walimu wa sayansi wawape wanafunzi kazi ya kulinganisha chungu kilichobaki pwani na kilichopelekwa mlimani, kwa sababu jaribio hilo linaonekana kwa macho na halina gharama. Na wafinyanzi wetu wapewe oda ya vyungu vyenye tundu chini, vya kipimo kimoja, vinavyopangika kwenye gari.

Wamo humu watu wa Lushoto na wamo wa mjini. Msitoke ukumbini kabla hamjapeana namba za simu. Shina litakalogawanywa mwaka huu huenda lisichanue kabla ya miaka miwili, na kila kipupwe kinachopita bila chungu mlimani ni msimu mmoja wa maua uliopotea.